Ubani Chini ya Shuka

Juzi, kwenye harusi ya jirani hapa Dunda, chetezo cha udi kilipitishwa mbele yangu nikatoka ukumbini mbio. Shangazi, dada yake baba, akacheka: “Jini lako halijakuacha tu, mwanangu?”

Yeye ndiye aliyenifunika shuka zito mchana ule wa utotoni, akanifukiza ubani. Nilikuwa nimeacha kusema tangu nimwone baba akimkaba mama jikoni. Chini ya shuka makaa yalipasukapasuka, jasho la chumvi likaniingia mdomoni, na shangazi akaniinamia: “Sema, jini, unataka nini?” Nikaamini kweli limo ndani yangu, na kwamba ndilo lililomkasirisha baba. Baba mwenyewe ndiye aliyeshika kipepeo, akichochea makaa.

Leo najua mtoto hunyamazishwa na hofu. Basi juzi hiyo nilirudi ukumbini, nikakaa ubavuni mwa chetezo mpaka macho yakaniwasha.

“Shangazi,” nikasema, wanawake wote wakisikia, “siku ile uliliuliza jini linataka nini. Linataka useme kaka yako alimfanya nini mama yangu.”