Gitaa la Vidole Viwili

Kuna kipindi kirefu ambacho binti yangu hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwangu. Alikuwa mtoto mdogo, ndio kwanza maneno yake yanaanza kueleweka, na si kwamba alinichukia. Nikiketi mbali aliniita, akanisimulia habari ndefu za mbuzi wa jirani, akacheka. Lakini nikinyoosha mkono, mambo yaliharibika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Vile vingine vitatu vilibaki kwenye mashine ya posho niliyokuwa nikiiendesha hapo Kibwezi, siku mkanda uliponivuta mkono wa shati nikiwa nabishana na mteja juu ya unga wake. Nikimpa mtoto kitu kwa mkono huo, alipiga mayowe. Nikimpa kwa wa kushoto, alificha mikono yake mgongoni na kutikisa kichwa, kwa maana mama yake alikuwa amemfunza vizuri kabisa kwamba kitu cha mkono wa kushoto hakipokelewi, ni kukosa adabu. Basi nikawa baba ambaye hana mkono wa kumpa mwanawe peremende.

Asili ya hofu hiyo tuliijua. Siku chache kabla sijatoka hospitalini, jogoo wetu alikuwa amemdonoa kiganjani alipokuwa akimtupia mahindi, damu ikatoka. Halafu nami nikafika nyumbani, bendeji ikafunguliwa, na mtoto akaona vidole viwili vimechomoza, kimoja juu kimoja chini, vikifunguka na kujifunga.

"Nguku," akasema, yaani kuku, akakimbilia nyuma ya mama yake.

Watu wazima waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, na waliocheka siku hiyo nawakumbuka mmoja mmoja hadi leo.

Nikaanza kuvaa shati la mikono mirefu. Joto la Kibwezi halina huruma, mtu mwenye akili zake huvaa fulana na kutafuta kivuli, lakini mimi nilivuta shati hadi likafunika kiganja. Kanisani, watu walipoanza kupeana mikono baada ya ibada, nilikuwa nimeshafika nje. Mke wangu, ambaye alikuwa wa kwaya na mtu wa imani thabiti, alisema muda utatibu. Nilimjibu kwamba muda haujawahi kuotesha mtu vidole. Tulinuniana hadi jioni.

Kazini nako mashine alipewa mwingine, mimi nikawa wa kufunga magunia na kutumwatumwa. Ndivyo nilivyofika Kambu, kumtafutia mwenye mashine mkanda mpya. Kambu miaka hiyo ya sabini ikiisha ilikuwa mahali pa kusimama tu kwenye barabara ya Mombasa: malori, wauza mikeka, wauza maembe, na baa zinazofunguliwa watu wengine hawajanywa chai. Katika moja ya baa hizo nilisikia gitaa. Sikuwa mtu wa baa. Nilisimama mlangoni.

Ndani kulikuwa na mzee mmoja mwembamba ameketi juu ya kreti ya soda, anapiga peke yake, hana msikilizaji. Sikuutazama uso wake, niliutazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilitembea juu ya nyuzi nene, kikipiga besi bila kupumzika, na kile cha shahada kikidonoa nyuzi nyembamba. Vile vingine vitatu alikuwa amevikunja kiganjani, havina kazi yoyote. Gitaa pekee nililowahi kuliona kwa karibu lilikuwa la mhubiri mgeni aliyezifagia nyuzi kwa mkono mzima, nami nikaamini siku zote kwamba chombo hicho ni cha watu waliokamilika. Sasa hapa kulikuwa na mtu anayepiga kwa mkono wangu.

Binti yangu alipenda muziki. Redio ya jirani ikiimba, aliacha hata uji, akaenda kusimama kwenye ua kuisikiliza. Niliwaza palepale mlangoni: akiuona mkono huu ukitoa wimbo, huenda atauacha uwe mkono. Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nina jamaa, na sikuwahi kugusa gitaa. Niliingia, nikavuta shati juu, nikamwonyesha mzee yule. Sikuwa nimemwonyesha mtu kwa hiari yangu kabla ya siku hiyo.

Aliukagua kama mtu anayekagua jembe sokoni.

"Hiyo vidole ingine ilikuwa inakusaidia nini?" akauliza.

"Kubeba debe."

"Basi debe utabeba na mgongo. Huku Ukambani sisi tunapiga na hizi mbili tu. Kaa chini, fundi."

Nikakaa. Tulipatana kwamba nikija nimletee unga, naye atanifundisha. Nilisingizia safari za mkanda, za grisi, za misumari, na mwenye mashine hakuuliza mengi kwa kuwa hakujua anifanyie nini. Kwa muda mrefu mzee alinikataza kutumia kidole cha shahada. Gumba tu, uzi mnene, kisha unaofuata, kisha ule wa kwanza tena, hadi nikaota ndoto za besi. "Besi ikianguka, kila kitu inaanguka," alisema. Mkono wa kushoto nao, ule niliouita mzima, ulinidhalilisha kuliko wa kulia. Ncha za vidole zilichanika, nikawa nashika kikombe kwa viganja. Na kidole cha shahada kiliporuhusiwa kuanza, kilikataa. Hospitalini walikuwa wamekishona, kikapona kikiwa kigumu, hakikunjiki mwisho. Nilipotaka kudonoa uzi mmoja kilikokota miwili. Siku moja hasira zilinipanda nikamwambia mzee kwamba yeye ni mwalimu mbaya.

"Mimi si mwalimu," akasema. "Mimi ni mtu anasumbuliwa. Rudia."

Aliniazima gitaa lake la zamani, lililopasuka ubavuni naye akaliziba kwa lami ya barabarani. Nililibeba hadi nyumbani ndani ya gunia, nikalificha ghalani nyuma ya mahindi. Mke wangu akienda mazoezi ya kwaya au sokoni, na mtoto akiwa naye, niliingia mle na kufanya mazoezi nimekunja magoti, vumbi la mahindi likinijaa puani. Hata peke yangu sikukunja shati. Mkono wa shati uligusa nyuzi na kuzinyamazisha, nikapiga hivyohivyo, nikijidanganya kwamba wimbo unasikika.

Kwa nini sikumwambia mke wangu? Ningemwambia nini? Kwamba najifunza kudonoa ili mtoto asiogope kudonolewa? Niliona atacheka, na kicheko kimoja kilikuwa kimetosha.

Haikuchukua muda, mzee wa kanisa akaja nyumbani. Alipewa kiti, akapewa chai, akazungumza juu ya mvua kwa upole wa kukera. Halafu akasema, "Ndugu, tumesikia unaonekana Kambu. Kwa baa. Mchana."

"Nilienda kazi."

"Ni kazi gani inafanywa ndani ya baa?"

Nilivuta shati hadi likafunika kiganja. Alipoondoka mke wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alikusanya vikombe, akasema bila kunitazama: "Baba mtoto, mimi nimevumilia. Umekataa watu, umekataa kanisa, sasa umeingia pombe. Ukirudi Kambu mara ingine, mimi na huyu mtoto tunaenda Mbooni kwa mama. Na sitakuwa nimeenda kutembea."

Nilimjua. Neno lake halikuwa la kutishia. Mbooni ni mbali, vilima na baridi, na mtoto akikulia kule kwa nyanya yake angenikumbuka kama mtu mwenye mdomo wa kuku badala ya mkono. Lakini juma lile ndilo kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kutii. Sehemu ya kwanza ya wimbo ilinitoka, ya pili ilinikwama, na mtu wa kunionyesha alikuwa Kambu. Nikarudi mara moja tu, nikakaa kidogo, nikaondoka nikiwa na sehemu ya pili mkononi. Mwanakwaya mwenzake mke wangu alikuwa kituoni akiuza maembe. Aliniona nikitoka mlangoni.

Nilipofika nyumbani siku iliyofuata baada ya kazi ya asubuhi, begi lilikuwa uani limefungwa kwa kamba. Kando yake palikuwa na beseni la mahindi aliyotoa ghalani, zawadi ya mama yake, na juu ya kiti changu palikuwa na gitaa. Basi la kwenda Wote lilipita alasiri, na kutoka hapo angepata gari la kupanda Mbooni. Mtoto alikuwa amevaa gauni la Jumapili na viatu.

"Nilikuwa natafuta mahindi," mke wangu akasema. "Nikapata hii."

"Mama mtoto, nisikilize."

"Sitaki maneno." Alilinyooshea gitaa kidole. "Hii ndiyo imekutoa kwa kanisa? Hii ndiyo umetuuza nayo? Basi cheza. Cheza nisikie vile inalia, nijue ni nini imeshinda sisi."

Nililichukua gitaa nikaketi. Mtoto alikuwa ameshika rinda la mama yake, jicho moja likichungulia. Nilianza kupiga, shati likiwa limeteremka kama kawaida, na kilichotoka kilikuwa kitu cha aibu, mlio wa kopo. Mke wangu akaangalia pembeni. Nikaelewa kwamba siwezi kupiga huku nimejificha, na kwamba nikijifunua, mtoto atapiga yowe lake, mama yake atambeba, na huo ndio utakuwa mwisho wetu. Nilikaa pale kichwa kimeinama. Nilimwogopa mtoto wangu kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu.

Kisha nikafungua kifungo, nikakunja shati hadi kiwiko.

Gumba likaanza. Nilihesabu besi moyoni kama mzee alivyotaka, sikuinua macho. Kidole cha shahada kikaingia, kikakosa, kikaingia tena. Sehemu ya kwanza ikapita. Sikusikia yowe. Nilipotazama, mtoto alikuwa ametoka nyuma ya rinda. Alikuwa akiutazama mkono, mdomo wazi, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Nguku," akasema.

Lakini hakukimbia. Alikisogeza kichwa mbele na nyuma akifuata kidole kinavyodonoa, na akasema tena, taratibu, kama anayetueleza sisi tusiojua: "Nguku inakula."

Honi ya basi ikasikika kutoka barabarani. Mke wangu akageuka kuangalia upande ule, akaweka mkono juu ya begi. Mimi sikuacha. Niliingia sehemu ya pili, ile iliyonipeleka Kambu, na jasho lilinitiririka hadi machoni. Mtoto akaenda kwenye beseni, akachota mahindi kwa kiganja, akasimama mbali, akayatupa kuelekea kwangu kama tunavyowatupia kuku. Yaligonga ubao wa gitaa, mengine yakaingia kwenye tundu lake. Akarudi nyuma haraka, akangoja aone kama nitamrukia. Niliendelea kudonoa. Sikuthubutu hata kutabasamu.

Mara ya pili alikuja karibu zaidi. Alikuwa na punje moja tu. Nilisimamisha wimbo, nikageuza kiganja juu, vidole vyangu viwili vimefunguka, nikautuliza mkono juu ya goti. Akautazama sana. Halafu akanyoosha mkono wake wa kulia, na kwa ule wa kushoto akashika kiwiko, kama mama yake alivyomfunza kumpa mtu mkubwa kitu, akaiweka punje katikati ya kiganja changu.

Niliifumbata polepole. Nikaitia mdomoni, nikaitafuna mbele yake, punje kavu, ngumu, ya kuvunja meno, nikameza. Basi lilipiga honi tena, mara hii kwa mbali, likishika barabara.

Mtoto akageuka kwenda kuleta mengine, na mama yake akamsogezea beseni.