Gari Lisilo na Bomba la Moshi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia nikiwa nakunywa chai, chai hunipotea ladha mdomoni.

Usidhani nakuletea hadithi ya enzi za ukoloni. Ni ya juzi tu, mvi zimeshanijaa kichwani na wajukuu wananiita guka. Ujinga haustaafu.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Nyeri, na kazi yangu ni barabara. Asubuhi niko Mukurwe-ini, mchana Karatina, jioni huenda nikaitwa hadi Kianyaga, kule kwenye mashamba ya chai, ambako nilianzia kazi nikiwa kijana. Njogu ni mwenzangu wa rika. Tulipashwa tohara siku moja. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na kwake ni Kamakwa, mwendo ambao hata kuku angeutembea.

Basi Njogu akanunua gari la umeme. Halina injini, halina bomba la moshi, linapita kimya hadi mbwa wanashtuka. Kule dukani aliweka chaja, na paa lote akalijaza sola. Watu wakaanza kumsimamisha njiani wamuulize maswali. Mimi, ambaye nilikuwa nikisimamishwa na wakulima tangu zamani, nikapitwa kama jiwe la mpaka. Wivu ulinila, mwanangu. Ulinila nikiwa kitandani, ulinila nikiwa kanisani nikiimba.

Nikaenda yadi ya magari. Binti aliyenihudumia aliniuliza nafanya kazi gani na naenda umbali gani kwa siku. Nikamwambia. Akanionyesha gari moja la umeme lenye injini ndogo ya petroli ndani. Akanieleza kwamba injini hiyo haisukumi magurudumu. Kazi yake ni kuchaji betri tu, chaji ikikaribia kuisha.

"Mzee, hii ndio itakufaa," akasema. "Wewe unaendaga mbali, na huko milimani chaja ni chache sana. Ukikosa stima unaweka petroli kidogo, unaenda."

Nikalizunguka lile gari. Nyuma nikaona kibomba cha moshi, kidogo kama kidole.

"Gari ya Njogu iko na bomba?" nikauliza.

"Njogu ni nani?"

"Iko na bomba ama haina?"

"Kama ni ya stima pekee, haina."

"Basi hata yangu haitakuwa na bomba."

Nikanunua la umeme pekee. Lilikuwa limetumika nje miaka kadhaa kabla ya kuletwa hapa, na betri yake ilikuwa imeanza kuchoka. Hilo binti alinieleza pia, na hilo nalo nikalisikia kwa sikio la kutokea.

Ngoja nikuambie kitu ambacho watoto wangu hawakijui. Tulipokuwa wavulana Njogu alinunuliwa baiskeli, nami nikagoma kula mpaka baba akanitafutia yangu. Iliyopatikana ilikuwa kubwa ya watu wazima. Nikikaa kwenye kiti miguu haikufika pedali. Niliisukuma kwa mkono mwaka mzima nikiona haya kusema haiendesheki. Baba alinitazama akasema, "Hii baiskeli hukuitaka ya kwenda mahali. Uliitaka ya kumwonyesha Njogu." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilikuwa linangoja uzee.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Nilifika kanisani mapema nikaegesha ubavuni mwa gari la Njogu. Ibada ilipokwisha nikafungua milango yote minne, nikawasha redio na hita, ili watu waone kwamba vyote vinafanya kazi na hakuna injini inayonguruma. Nikawabeba wazee wa kanisa, watatu watatu, hadi Ruring'u na kurudi. Njogu alikuwa amesimama akicheka na kunipongeza. Hata pongezi zake ziliniuma.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Cucu Wangui, bibi mjane wa Kianyaga, mteja wangu tangu siku zangu za kwanza kazini. Ng'ombe wake, mmoja tu aliyekuwa naye, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlisha, alikuwa amelala chini tangu alfajiri, ndama amekwama. Daktari wa huko alikuwa amesafiri kwenda mazishini.

"Kuja haraka, daktari," akasema. "Inaniangalia tu."

Njogu alisikia. Akachungulia dashibodi yangu.

"Wee, hiyo chaji haikufikishi Kianyaga," akasema. "Chukua yangu, imejaa. Ama twende dukani uchaji kidogo."

Mwanangu, funguo zake zilikuwa mkononi mwake, kazinyosha kwangu. Ningezichukua, ningefika. Lakini nikaona watu wanatutazama, nikaona nitakavyoondoka kwa gari la Njogu mbele ya wazee niliowabeba kwa langu.

"Iko sawa," nikasema. "Inatosha na kubaki."

Nikaondoka. Kabla ya Karatina nilizima redio. Baada ya Karatina nikazima hita, vioo vikaingia ukungu, mvua nayo ikaanza. Cucu alipiga simu mara ya pili, akapiga ya tatu, nami nikamwambia niko karibu. Nilipokwisha kupita Kerugoya, penye mlima, gari likaanza kutambaa, kisha likasimama kimya. Ule ukimya niliokuwa nikiuringia ndio huo huo ulionizunguka pale, na hakukuwa na chaja hata moja karibu.

Nilipata bodaboda, nikapanda na begi langu la kazi, nikalowa hadi mifupa. Nilipofika, ndama nilimtoa akiwa amekufa. Mama yake alimfuata kabla sijanawa mikono.

Cucu Wangui hakunipigia kelele. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya kukamulia, ameipindua. Nikaanza kumweleza habari za betri, na mlima, na baridi. Akanikatiza kwa upole.

"Daktari, ng'ombe yangu haikuwa inangoja gari ya stima," akasema. "Ilikuwa inaangalia gate."

Nikainama nikakusanya vifaa vyangu.

Tukiwa bado pale, gari likaingia kimya. Njogu. Alikuwa amenifuata, kwa sababu alijua nimesema uongo. Alileta na chupa ya chai. Alinirudisha Nyeri bila kunisema hata kidogo, na mimi, badala ya kumshukuru, niliitazama dashibodi yake kwa kuibia: betri ilikuwa bado na nusu. Ng'ombe amekufa, na bado nilimwonea wivu. Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Cucu mtamba wangu bora. Gari nikaliuza, nikarudi kwa yule binti kuchukua lile lenye kibomba. Wenye magari ya umeme pekee hunitania kwamba nimebeba injini mgongoni kama mzigo wa kuni. Wana haki kiasi: injini hiyo inataka mafuta, inataka fundi, na ningekuwa muuza misumari wa Kamakwa ningekuwa naibeba bure. Lakini mimi huenda Kianyaga. Njogu alinunua sawa. Mimi pia nimenunua sawa, ila nilianza kwa kununua la Njogu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kununua gari, au shamba, au hata ukitaka kuoa, usiangalie boma la jirani. Iulize njia yako: ni ndefu kiasi gani, ina mlima gani, na nani anakungoja mwisho wake. Na mwenzako akikunyoshea funguo, zichukue, hata kama dunia nzima inatazama. Jino la pembe si dawa ya pengo, na sifa hazikumfufua ng'ombe yule.

Cucu Wangui bado huniita. Lakini siku hizi, kabla hajanieleza ng'ombe ana nini, huuliza kwanza: "Daktari, leo utafika?"

Mungu akupe njia yako mwenyewe na akupe macho ya kuiona. Akupe rafiki atakayekufuata hata ukimdanganya. Na popote utakapoitwa, ufike wakati bado kuna anayeangalia lango.