Nyumba ya Tisa

Hakuna aliyeniambia kwamba kuuliza watu maswali ni kazi ya kuogopwa. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa mwalimu asiye na cheti, shule zimefungwa, mfukoni hamna kitu. Mtafiti wa chuo kikuu akaniajiri kujaza fomu mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo. Alinifundisha siku mbili: usiandike jina, andika namba, usichague nyumba kwa upendeleo, anzia msikitini na uingie kila nyumba ya tano, na usimjibie mtu kamwe, hata akikawia. Nilijiona msomi mkubwa.

Watu wa nyumba zilizorukwa walinikasirikia. Walidhani naandikisha wa kupewa unga wa msaada. Mama mmoja muuza maziwa, mwenye mlango wa kijani, alinishika shati.

"Mwalimu, kwa nini unaruka mimi? Watoto yangu hapana kula?"

Nikamweleza habari ya tano tano. Akasonya.

Swali la mwisho liliuliza kama nyumba ina mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka. Baada ya vita vya shifta, wale waasi waliotaka eneo letu liungane na ng'ambo hiyo, hilo halikuwa swali la kuuliza watu wa Isiolo mlangoni. Mtafiti hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya mshahara. Wote walijibu hapana, isipokuwa mjane wa nyumba ya tisa, aliyeniamini kwa kuwa nilimfundisha bintiye. Alisema kijana wake yuko huko, na salamu zake huletwa na wachunga ngamia wa Sericho. Nikaandika ndiyo. Juu ya fomu palikuwa na namba 9.

Wiki hiyo hiyo nikaitwa na afisa mmoja wa usalama. Alinimiminia chai. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alitaka fomu zote ishirini mezani kwake saa kumi jioni.

"Hazina majina," nikasema.

"Najua. Mnaenda tano tano, mji mzima unalalamika." Akafungua daftari. "Ulianzia wapi?"

Siri ya mjane haikuwa kwenye jina. Ilikuwa mahali nilipoanzia. Ukipajua, unahesabu nyumba mpaka mlangoni kwake.

"Machinjioni," nikasema. Akaandika.

Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo akili iliporudi. Nyumba ya tisa kutoka machinjioni nayo ina wenyewe. Nimemtoa mjane, nimemtia nani? Nikaenda machinjioni, nikaanza kuhesabu tano tano, nikiogopa kila mlango niliokuwa naukaribia.

Ya tisa ilikuwa ule mlango wa kijani. Mama muuza maziwa alikuwa nje akisafisha vibuyu vyake.

"Salaam aleikum, mwalimu. Leo ndio umekuja kuandika mimi?"

Nilikuwa na fomu moja tupu. Nikapiga hesabu haraka: nimhoji kweli, fomu yake iwe namba tisa, ile ya mjane niichome. Wakimjia, watakuta majibu yake mwenyewe, safi kabisa. Nikakaa kwenye gunia. Alijibu kwa furaha, watoto wangapi, mbuzi wangapi, maji anateka wapi. Alipoona naandika haraka haraka akanicheka, akasema nina njaa, akaniwekea maziwa. Nikayaweka kando.

Nikamsomea swali la mwisho.

Akaacha kucheka. Akatazama barabarani, kushoto na kulia. Kisha akanisogelea.

"Mwalimu," akanong'ona, "hata hii unaandika?"

Niliandika hapana kabla hajafungua mdomo tena. Kisha nikamwomba kiberiti. Alinipa bila kuniuliza ni cha nini.