Waya Alioukata Lorine

Mama Nabiswa hakuwa amemaliza hata wiki moja mtaani Tassia alipofunua sufuria iliyokuwa ikitokota jikoni kwa mkamwana wake, akapiga yowe. Alitarajia kuona matumbo. Aliona nyuzi nene za chuma zimejiviringa majini kama nyoka, na povu jeusi likielea juu.

"Lorine! Ni nini hii unatupikia?"

Lorine Muhonja alitoka chumbani mbio, akacheka mpaka akashika ukuta. "Si chakula, Mama. Ni nyuzi za gitaa langu la besi. Zikishika jasho na mafuta ya vidole zinakuwa bubu. Nikizichemsha na sabuni kidogo, zinaamka."

"Kwani mpya haziuzwi?"

"Zinauzwa. Lakini tukizinunua, hiyo sufuria itakosa kitu cha kupika."

Mama Nabiswa hakucheka. Alikuwa ametoka kijijini Chwele kuja kutibiwa goti, na hakuwahi kukaa nyumba moja na mwanamke anayepiga gitaa, tena kanisani. Alimwuliza mwanawe Kweyu kwa Kibukusu kama kanisa lao halina wanaume. Kweyu akamwambia wanaume wapo, ila wakipiga besi wanakimbia mbele ya wimbo, na Lorine hakimbii.

Ilikuwa kweli. Siku za kazi Lorine alipakia biskuti katika kiwanda kimoja Industrial Area, amesimama kuanzia asubuhi, mikono ikienda bila yeye kuifikiria. Jumapili alisimama pembeni ya madhabahu, besi begani, akiimba huku akipiga. Alianza siku mpiga besi wa zamani alipohama mtaa akaliacha gitaa la kanisa limeegemea ukuta. Lorine alilichukua tu kulipangusa vumbi. Hakulirudisha ukutani tena mpaka lilipopasuka shingo.

Baada ya hapo ilibidi atafute lake. Bendi moja iliyokuwa ikitumbuiza kwenye kilabu cha nyama choma pale Burma ilikuwa imevunjika, na vyombo vyake vilikuwa vikiuzwa. Kweyu aliona besi moja nyekundu, inang'aa kama gari la harusi, akaipenda papo hapo. Lorine aliiinua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo yake kuanzia mwisho hadi mwisho, kama seremala anavyotazama ubao. Ilikuwa imepinda. Akachukua ya pili, ya kahawia, rangi imebabuka mpaka mbao zinaonekana. Shingo ilinyooka. Akabonyeza kila kituo cha vidole shingoni, akasikiliza kama uzi unakwaruza, akatikisa mahali pa kuchomeka waya.

"Hii," akasema.

"Lorine, hii si imechakaa?" mumewe akauliza.

"Rangi haina sauti, Baba."

Akaitunza hiyo kama mtoto mchanga. Aliipangusa kwa fulana kuukuu kila alipomaliza kupiga, akasafisha vituo vyake kwa mswaki uliochoka, akaishonea mfuko kutoka kwa blanketi. Vifungo vya sauti vilipoanza kukwaruza alivifungua mwenyewe akaondoa uchafu. Kitu kilichomshinda kilikuwa spika. Aliyoipata ilikuwa kubwa, nzito, ya zamani, na ilinguruma. Hata kama hajagusa uzi, mngurumo ulikuwapo chini ya kila wimbo, chini ya maombi, chini ya mahubiri. Siku moja pasta alikatiza mahubiri akauliza kama kuna lori nje.

Johnson, mpiga gitaa wa kanisa hilohilo, alimvuta kando baada ya ibada. "Sista, dawa yake ni rahisi. Fungua plagi, kata ule waya wa kijani na manjano. Mimi nilikata wangu zamani. Kimya kabisa."

Lorine aliukata jioni ileile kwa makasi ya jikoni. Alipowasha, spika ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Alimwita Kweyu aje asikie kimya hicho. Hakuna kilichotokea Jumapili hiyo, wala zile zilizofuata, na Lorine akausahau kabisa ule waya.

Mvua za Aprili zilikuta Mama Nabiswa bado yuko Tassia. Goti lilikuwa limepata nafuu kidogo, naye akakubali kwenda kanisani na familia, akakaa kiti cha mwisho karibu na ukuta ili aweze kunyoosha mguu. Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa. Kweyu, ambaye ni mmoja wa wahudumu wa kuwaketisha watu, alisimama hatua chache kutoka kwa mama yake.

Sifa zilikuwa zimepanda. Ngoma inapiga, watu wamesimama, wengine wanalia. Lorine alikuwa ameimba ubeti mzima maiki ikiwa chini mno, na alipopata nafasi, mkono wake wa kushoto ukiwa bado umebana nyuzi, alinyoosha wa kulia akaishika maiki ili aiinue.

Kichwa chake kikarudi nyuma. Mdomo ukafunguka. Hakutoa sauti. Alitetemeka mwili mzima, akaanguka chali, besi juu ya kifua, maiki na stendi yake vikimfuata chini, na hata pale chini aliendelea kutetemeka.

Kanisa zima likalipuka kwa shangwe.

"Haleluya!"

"Mguse, Bwana! Mguse!"

Katika kanisa lile, watu huanguka. Huanguka kila Jumapili, na anayeanguka hufunikwa shuka na kuachwa na Mungu wake. Lakini Lorine hakuwahi kuanguka hata mara moja, na wengi walikuwa wakimwombea hilo. Johnson aliongeza sauti ya gitaa lake. Pasta alifumba macho, akainua mikono. Mwanamke mmoja alikuja na shuka. Kweyu alikuwa analia kwa furaha. Hatimaye mke wake ameguswa.

Mama Nabiswa peke yake ndiye aliyekuwa akitazama vidole. Vilikuwa vimekunjika juu ya maiki kama kucha za kuku aliyekufa, na havikuachia. Alikuwa ameviona vidole vya namna hiyo hapo awali, Chwele, kwenye mashine ya kusaga posho, na kijana aliyekuwa navyo alizikwa wiki hiyohiyo.

Aliinuka. Kweyu akamshika mkono. "Mama, keti. Mwache, Bwana anamgusa."

"Niache!"

"Mama, usiingilie upako."

"Huu si upako, mjinga wewe! Ni stima! Umeme umemshika!"

Kweyu hakuelewa, na mkono wake haukulegea. Mama yake akamuuma. Alimuuma mwanawe mtu mzima kwenye kifundo cha mkono, mbele ya kanisa, akajinasua. Akabonyeza swichi ya kwanza aliyoifikia ukutani, zikazima feni. Akabonyeza nyingine, zikazima taa. Watu wakapiga makofi zaidi. Ndipo alipopiga magoti, goti bovu na zima pamoja, akashika nyaya zilizokusanyika kwenye soketi karibu na sakafu, akang'oa plagi zote kwa mpigo.

Muziki ukakatika. Kinanda, magitaa, spika, vyote. Ikabaki mvua juu ya mabati, na sauti ya mtu mmoja aliyechelewa, akisema haleluya peke yake.

Lorine aliachia maiki. Alilala hivyo, macho wazi, rangi ya midomo imebadilika. Harufu ya nywele zilizoungua ikasikika mpaka viti vya nyuma. Yule mwanamke wa shuka aliiacha ikaanguka. Hakuna aliyesogea, na Kweyu baadaye alisema kwamba hicho ndicho kinachomwamsha usiku mpaka leo, kwamba hata yeye hakusogea. Alisimama akitazama alama za meno kwenye mkono wake.

"Anapumua?" pasta aliuliza, na sauti yake bila maiki ilikuwa ndogo kama ya mtu wa kawaida.

Muuguzi mmoja miongoni mwa waumini alipenya watu, akapiga magoti, akaanza kumbonyeza kifua. Alibonyeza huku akihesabu kwa sauti, na kanisa lililokuwa likiimba likabaki likisikiliza hesabu hiyo. Lorine akakohoa. Akavuta pumzi kama mtu anayetoka kisimani. Kweyu akaanguka chini kando yake, na mara hii hakuna aliyeshangilia.

Alilazwa hospitali siku kadhaa. Moyo ulikuwa umeyumba lakini ukatulia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua, na mstari wa uzi ukabaki umechorwa juu ya ngozi. Wanakwaya walikuja kumwona wakasimama miguuni pa kitanda. Johnson hakuja.

Kweyu aliibeba spika ile mpaka kwa Abdurahim, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na Pipeline. Abdurahim aliifungua, akaangaza tochi ndani.

"Panya," akasema. "Wametafuna ngozi ya waya, waya umegusa bodi ya chuma. Basi stima ikapita kwenye bodi, ikaingia kwenye waya wa gitaa, ikakaa kwenye nyuzi, ikimsubiri mtu aguse chuma kingine. Lakini kama waya wa ardhi ungekuwapo, hilo lisingemuumiza mtu. Lingekata fyuzi tu." Akafungua plagi. "Nani ameukata huu wa kijani na manjano, ndugu yangu?"

Kweyu hakujua. Alimpelekea Lorine swali hilo hospitalini, naye Lorine akautazama mkono wake uliofungwa bendeji.

"Ni mimi," alisema. "Kwa makasi yangu mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inanguruma."

Mama Nabiswa, aliyekuwa ameketi kando akimenya chungwa, aliacha kumenya. "Kwa hiyo ulikuwa unakaribia kufa," alisema polepole, "kwa sababu hukupenda kelele?"

Lorine alianza kucheka, kisha akalia, na mama mkwe akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu aolewe na mwanawe.

Mngurumo wenyewe, Abdurahim aligundua, haukuwa wa spika kamwe. Ulitoka kwenye ule waya mwembamba wa bei ya chini uliounganisha besi na spika. Ndani yake, nyuzi za kukinga sauti zilikuwa zimekatika. Aliulehemu palepale wakati Kweyu anangoja. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: na vyombo vingine je?

Alikwenda kanisani siku ya Jumanne, pasta akimfungulia milango. Abdurahim ni Mwislamu na hakuwahi kuingia humo. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akaambiwa avae kwa sababu sakafu ina maji. Akafungua plagi ya gitaa la Johnson. Waya umekatwa. Akafungua ya kinanda. Umekatwa. Akaenda nyuma, mahali akina mama wanapochemshia chai, akafungua plagi ya jagi kubwa la umeme, lile ambalo watoto wa shule ya Jumapili hujaziwa vikombe. Umekatwa, tena vizuri, na ncha ikafungwa kwa utepe.

Pasta alikaa kwenye kiti cha plastiki. "Vyote hivi vilikuwa vinanguruma?" aliuliza.

"Jagi halingurumi, pasta. Lilikuwa linakata fyuzi, basi mtu akachoka kubadilisha fyuzi."

Jumapili iliyofuata hapakuwa na chombo chochote. Pasta alieleza yaliyopatikana, akamwomba Mama Nabiswa msamaha mbele ya watu wote, yeye na kanisa lake, kwa kupiga makofi mtu akifa. Watu waliinamisha vichwa. Johnson alisimama katikati ya maelezo hayo akatoka nje mvuani. Jioni alifika nyumbani kwa Lorine, akabaki mlangoni, hawezi kuingia. Lorine ndiye aliyemvuta ndani kwa mkono wake mzima.

Ilimchukua Lorine muda kurudi kwenye besi. Vidole vilipona kabla ya woga. Mara ya kwanza aliweka gitaa mapajani bila kulichomeka popote, hata hivyo hakuweza kugusa uzi. Alikaa hivyo hadi chai ikapoa. Abdurahim alimfundisha kupima kwa kalamu ile ya mafundi inayowaka taa penye stima kabla ya kushika kitu, na kutazama ndani ya kila plagi kabla ya kuiamini. Sasa hununua nyaya nzuri, hata kama ni kufunga mkaja, na nyuzi bado anazichemsha.

Mama Nabiswa alirudi Chwele goti likiwa baya kuliko alivyokuja nalo. Kila Jumapili baada ya ibada hupiga simu, hata salamu hatoi.

"Umeshikwa?"

"Sijashikwa, Mama."

"Haya. Mpe huyo mwanangu simu."