Pumzi ya Mama Baada ya Sindano

Mama alianguka kwenye pikipiki, akavunjika kifundo cha mkono. Alikuwa anatoka Kilembwe kuniletea mihogo, mimi ambaye hapa mjini Baraka ninauza mihogo.

Hospitalini muganga wa usingizi, mwanamke wa umri wangu, alisema hatamlaza usingizi mama wakati wa kupanga mfupa. Atatia ganzi mkono tu. Nikauliza kama hakuna sindano fupi zaidi.

"Hii hakuna kupunguza, dada."

Aliniacha niketi kando ya kichwa cha mama. Akaweka mashini ya ekografi, ile ya kuona ndani ya mwili, juu ya mtulinga wake, akanionyesha kwenye kioo: mshipa wa damu unadunda, kando yake neva zimesongamana kama mayai ya samaki, na chini mstari mweupe, ukingo wa pafu. Sindano ikapita tukiiona. Mkono ukalala.

"Mama, pumuzi iko namna gani?" muganga akauliza.

"Salama, mutoto yangu."

Kwa mama, ukiulizwa hali umesalimiwa, na salamu hujibiwa vizuri. Angejibu hivyo hata akizama ziwani. Muganga akageukia vyombo vyake. Lakini sokoni bei ya kwanza si bei. Nikainama, nikauliza tena.

"Mama, mi siyo mugeni. Sema kweli."

"Iko inakuya kidogo tu." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Upande moja inakataa."

Nikamwita muganga. Alichoogopa, alisema, ni sindano kutoboa pafu. Akapitisha mashini kifuani: mstari mweupe uliteleza huku na huku. Pafu lilikuwa zima. Akashuka mbavuni. Upande mmoja, msuli unaovuta pumzi ulipanda na kushuka. Upande wa sindano ulikuwa kimya.

"Dawa imelaza neva ya huu musuli. Itaamuka."

"Na kama itachelewa?"

"Tutaingojea pamoja."

Akamwinua mama akae nusu wima, akamwekea oksijeni, akabaki naye mpaka mfupa ulipopangwa na plasta ikakauka.

Alasiri akarudi na mashini. Ule msuli ulikuwa umeanza kusogea. Mama akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi, na yote akaitumia kunigombeza.

"We, unalia nini? Na iko kitu gani unakamata hapo?"

Vilikuwa vidole vyake vilivyochomoza kwenye plasta, bado na ganzi. Nilikuwa nimevishika tangu walipomtoa chumba cha kupanga mfupa.

"Mukono yako, mama."

Akautazama mkono wake ndani ya wangu.

"Kamata vizuri, basi. Mi siisikii."