Bomba Lisilojaribiwa

Fundi bomba wa halmashauri alikuwa na tabia ya kuinama na kutega sikio kwenye bomba kabla ya kulishika, kama mkunga. Spana mkononi, wimbo usio na maneno mdomoni, na kila jibu lake lilianza na "kitaalamu". Marsiana, aliyepandisha maji ya ziwa mlimani kwa kichwa chake tangu usichana, alimtazama siku tatu mfululizo. Maji ya bomba yalishafika kijijini Mwamgongo, lakini koki ilikuwa imefungwa utepe mwekundu ikimsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa Kigoma mjini akisubiri ziwa litulie apande boti.

"Fundi, sasa tunywe utepe?" Marsiana aliuliza siku ya nne. Fundi akatega sikio, akakunja uso. "Kitaalamu, mama, bomba lisilojaribiwa halizinduliwi." Akausogeza utepe pembeni taratibu, bila kuukata. "Lete ndoo ya majaribio." Maji yakatoka kwa kishindo, Marsiana akapiga kigelegele, na kwa kigelegele hicho majirani wakamiminika na ndoo zao, majaribio yakahitaji ndoo arobaini. Kila moja ilipojaa, fundi aliikagua, akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Bado sijaridhika. Nyingine!"

Mtendaji wa kijiji akaja mbio, shati nje. "Nani kazindua?"

"Hakuna, Mtendaji," fundi akajibu. "Tunajaribu."

Mtendaji akautazama utepe, mzima kabisa, akaitazama foleni, akaondoka. Aliporudi alibeba madumu mawili, akayapanga nyuma ya Marsiana, ambaye alikuwa kwenye zamu yake ya tatu. "Fundi," alisema, "kwenye madumu mmeshajaribu?"