Kuteleza Mchangani Ukiwa Mtu Mzima

Kila majira ya baridi hapa Doha, idara ya dharura ninakofanya kazi ya unesi hupokea watu wazima wenye mchanga masikioni. Theluji hatuna, lakini hamu ya kuteleza ipo palepale, na watu hushuka vilima vya mchanga juu ya mbao, masinia, hata vifuniko vya matangi ya maji. Mtoto akianguka hujiviringisha, akainuka kudai zamu nyingine. Mtu mzima hutanguliza mkono, na mkono ndio unaovunjika. Yote hayo nilikuwa nayajua tayari Ijumaa tuliyokwenda sisi.

Tulikuwa waumini wa kanisa moja, Wakenya na Waganda, tumekodi basi dogo kwenda kwenye vilima vya kusini. Kaka yangu tulimchukua Industrial Area, mtaa wa mabweni ya wafanyakazi, alikokaa chumba kimoja na wenzake watano. Kwa miaka sita alikuwa mlinzi wa getini, akisimama saa kumi na mbili kwa siku. Mtihani wa udereva aliufeli mara nne, akafaulu mara ya tano, na Jumapili ile alikuwa aanze kuendesha gari la wageni wa hoteli. Basi zima lilimwita dereva tangu asubuhi, naye alijidai hasikii huku akitabasamu.

Baada ya pilau tulikunjua katoni ya friji. Kwetu milimani tulikuwa tukiteleza kwenye nyasi juu ya jerikani lililopasuliwa, hivyo kila mmoja alijiona fundi. Lakini kule mteremko huishia kwenye matope ya mto. Hakuna aliyeshuka kuangalia huu unaishia wapi. Chini palikuwa na tambarare ya chumvi iliyokauka, ngumu kama sakafu.

Kaka aliketi, akakunja miguu. "Siste, nisukume kidogo," akasema.

Sikumsukuma kidogo. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilimfurahia na kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Nilipomfikia, alikuwa amekaa, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda jinsi ninavyokiona kazini kila wiki. Nilikigusa kwa vidole viwili tu. Wengine walikuwa bado wanateremka mbio.

"Umeteguka tu, ama?" aliniuliza.

"Umevunjika."

"Basi funga bandeji tu, siste. Jumapili nitaendesha nao hivyo hivyo. Ukinipeleka hosi watanipea likizo ya ugonjwa, na hao watu wa hoteli hawangoji."

Nilimwambia hapana. Nilitumia ile sauti ya wodini, sauti isiyo na undugu, na nikajichukia nilipoisikia ikinitoka. Akafungwa plasta kwa wiki sita. Jumamosi akawapigia simu mwenyewe, nami nimeketi karibu naye. Mazungumzo hayakufika dakika moja. Gari lilipewa mtu mwingine.

Plasta ilipotolewa alirudi getini kwake. Yupo pale mpaka leo. Watu wa kanisani ambao hawakuwapo siku ile wakimuuliza ilikuwaje, huwajibu kwamba alijitupa mwenyewe kwa ujinga wake, hakuna aliyemgusa. Mara nyingi huwa nimesimama kando yake anapoyasema hayo. Naona aibu kubwa, na bado sijawahi kumkatiza.